UZI: Chesi na poka, ipi inakula kichwa zaidi? Kwa wapenzi wa michezo yote miwili

Wakuu habari zenu.

Huu ubishi wa chesi na poka nauona kila siku na kila siku unaishia palepale, watu wa chesi wanasema poka ni kamari tu ya wenye bahati, watu wa poka wanajibu kwamba chesi ni kukariri, baada ya hapo ni kejeli tupu na hakuna aliyetoka na kitu. Mimi nacheza yote miwili na naipenda yote miwili kwa dhati kabisa, kwahiyo naomba nimwage hapa ninavyoiona. Uzi ni mrefu, asiye na muda sasa hivi aweke alama atarudi.

Msimamo wangu nauweka mapema tusizungushane. Hilo swali la "ipi inataka akili zaidi" ndo linatupoteza, maana zote zinataka akili nyingi sana ukishafika levo ya juu. Kinachotenganisha hii michezo ni kitu kimoja: matokeo yanakwambia ukweli kiasi gani. Kwenye chesi ukikosea utaadhibiwa, na ukirudia gemu lako utaona kabisa pale ndo nilikosea. Kwenye poka unaweza ukacheza vibaya ukalipwa, ukacheza vizuri ukanyang'anywa, na hali ikaenda hivyo kwa miezi. Presha, hesabu, hasira, namna ya kujifunza, vyote vinatokea hapo.

Tuanze na chesi.

Vyumba 64, kete 32, kila kitu kiko wazi mbele ya wote wawili. Mpinzani hana karata mfukoni. Kitu pekee alichoficha ni mpango ulioko kichwani mwake na hata huo ukiwa na jicho zuri utausoma palepale ubaoni. Ila uwazi huo usikudanganye ukaona ni rahisi. Mweupe anaanza akiwa na hatua 20 za kuchagua, mweusi naye 20, yaani kila mmoja akisogeza mara moja tu tayari zimeshapatikana pozisheni 400. Claude Shannon mwaka 1950 alikadiria idadi ya gemu zinazoweza kuchezwa akapata namba ya 1 ikifuatiwa na sifuri 120. Hakuna kichwa wala mashine ya kupitia hizo zote.

Sasa wengi wanaamini grandmasta (cheo cha juu kabisa cha mchezaji wa chesi) anawazidi wengine kwa sababu anaona hatua ishirini mbele. Hii ilishafanyiwa utafiti zamani. Adriaan de Groot, mwanasaikolojia wa Kiholanzi ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji, miaka ya 1940 aliwapa wachezaji wa levo tofauti pozisheni moja akawaambia wafikirie kwa sauti, akakuta kwamba wakubwa hawachimbi mbali kiasi hicho kuwapita wachezaji wazuri wa kawaida. Walichowazidi ni kwamba toka mwanzo macho yao yanaenda kwenye hatua zenye maana, hawapotezi muda na takataka. Halafu mwaka 1973 wakaja Chase na Simon, wakawaonyesha watu ubao kwa sekunde chache wakauficha, wakawaambia waupange tena. Pozisheni ikiwa imetoka kwenye gemu la kweli, masta anaipanga vizuri kuliko mgeni kwa mbali sana. Kete zikimwagwa ovyo bila mpangilio, ule ubora wake karibu wote unayeyuka. Kwahiyo masta hana kumbukumbu ya ajabu, ana maelfu ya picha alizozizoea, akiona ubao anaona picha na kila picha inamwambia pa kuangalia.

Kwahiyo wale wanaosema "chesi ni kukariri" wako sahihi nusu tu. Ufunguzi, yaani hatua za mwanzo za gemu, ndio unakaririwa, hiyo haina ubishi. Lakini mkishatoka kwenye ufunguzi unabaki na picha zako na uwezo wa kuhesabu, na kila hatua inabidi uhakiki, nikienda hapa anakuja hapa, nikila anakula, mwisho wa mstari kuna farasi amesimama pabaya au hakuna. Na inabidi ufanye hivyo kwa saa nne, tano, sita bila kulala hata mara moja.

Hapo kwenye kutolala ndo naomba nikae kidogo, maana ndo roho ya chesi. Unaweza ukacheza hatua 54 safi na hatua ya 55 ikafuta zote. Hii imetokea kweli, tena mbele ya dunia nzima, Desemba 2024 kule Singapore, Ding Liren na Gukesh wakiwania ubingwa wa dunia. Wako sare 6.5 kwa 6.5, ni gemu la 14 la mwisho, mwisho wa gemu Gukesh ana askari mmoja wa ziada lakini pozisheni yenyewe ni sare ambayo mtu wa levo ya Ding anaishika akiwa amechoka. Hatua ya 55 Ding akapeleka ngome yake kwenye chumba kinachoitwa f2. Kwa kuitazama haraka unaona ni hatua ya kawaida, anataka kubadilishana ngome mambo yaishe. Tatizo ngome zikishatoka, Gukesh anamlazimisha kubadilishana na maaskofu pia, wanabaki wafalme na askari na hapo hakuna sare tena. Kosa moja, ubingwa umeondoka, Gukesh akawa bingwa akiwa na miaka 18. Hakuna karata mbaya ya kusingizia, hakuna mgawa karata, hakuna bahati. Ding aliona mwenyewe sekunde chache baadaye. Mimi nikiitazama ile video bado naumia kwa niaba yake.

Kuhusu kuchoka, waulize Karpov na Kasparov. Mechi yao ya ubingwa wa dunia ilianza Septemba 1984 Moscow, sharti lilikuwa wa kwanza kushinda gemu 6 ndo bingwa, sare hazihesabiwi. Karpov akafika 5 kwa 0, ikabaki moja tu. Hakuipata. Wakacheza gemu 48, sare 40, mpaka Februari 1985 mechi ikasimamishwa bila mshindi ikiwa 5 kwa 3, na Karpov alikuwa amekonda kila mtu akimuona. Na mwaka 2021 Dubai gemu la 6 la Carlsen na Nepomniachtchi, nao wakiwania ubingwa wa dunia, lilienda hatua 136, karibu saa nane mmekaa kwenye viti, na Carlsen alishinda kwa kukamua kidogokidogo pozisheni ambayo watu wengi tungepeana mikono tukalale. Kwahiyo anayesema chesi haina mwili hajawahi kukaa kwenye gemu refu la mashindano.

Sasa poka.

Naongelea Texas Hold'em maana ndo inayochezwa sana. Karata 52, kila mtu anapewa mbili za siri, halafu tano zinawekwa katikati za wote kwa awamu, na katikati ya kila awamu kuna madau. Hizo karata mbili zinaweza kukujia kwa namna 1,326, ukiunganisha zenye thamani sawa, ila ukitenganisha zenye alama moja (kama kopa zote mbili) na zenye alama tofauti, zinabaki aina 169. Yako unaijua, ya mwenzako huijui, na hutaijua mpaka mwisho, mara nyingi hutaijua kabisa.

Hii inabadilisha swali lenyewe. Kwenye chesi unauliza, hatua bora ni ipi. Kwenye poka unauliza, kwa zile karata ZOTE ambazo huyu jamaa anaweza kuwa nazo akicheza alivyocheza mpaka sasa, ni uamuzi gani utanilipa zaidi kwa wastani. Yaani hufikirii mpinzani mmoja, unafikiria wapinzani wengi walioko ndani ya mtu mmoja, mwingine ana A mbili, mwingine alikuwa anasubiri flashi (karata tano za alama moja) ikagoma, na wote wamevaa sura ileile.

Niwape mfano kamili. Karata zote tano zimeshashuka. Katikati kuna chipu 100. Jamaa anaweka 100. Wewe ukilipa 100 unagombania 200, kwahiyo unahitaji kuwa sahihi mara moja kati ya tatu ili usiwe na hasara. Upande wake, akitaka usiweze kumnyonya, inabidi katika kila mara tatu anazoweka dau la hivyo, mbili awe na karata kweli na moja awe anazuga, yaani anaweka dau bila karata ya maana. Akizidisha kuzuga, wewe unalipa kila siku unatajirika. Akipunguza, unatupa tu, karata zake nzuri hazimlipi kitu. Umeona? Kuzuga kwenye poka sio ujasiri wala uso mkavu kama watu wanavyodhani. Ni kiwango. Kina namba yake.

Na hili sio jambo jipya. John von Neumann, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne iliyopita, alianza kuandika kuhusu nadharia ya michezo mwaka 1928, na 1944 akiwa na mchumi Oskar Morgenstern wakatoa kitabu kizima ambacho ndani yake poka imechambuliwa, na wakaonyesha kwamba kuzuga ni sehemu ya mchezo sahihi hata kama hakuna mtu anayesoma uso wa mtu. Mwaka 1950 Harold Kuhn akatengeneza poka ndogo kabisa ya karata 3 na watu 2. Karata tatu tu! Na hata humo, mchezaji wa pili akiwa na karata ya chini kabisa na mwenzake amepita bila kuweka dau, mchezo sahihi ni kuzuga mara moja kati ya tatu. Hisabati yenyewe inakulazimisha udanganye kwa kipimo. Mimi hii kitu nilipoielewa niliiheshimu poka moja kwa moja.

Sasa turudi kwenye ule msimamo wangu, maana hapa ndo penyewe.

Umepata A mbili, karata bora kuliko zote, zinakuja mara moja kwa kila mikono 221 (mkono ni mzunguko mmoja toka karata zigawiwe mpaka mshindi apatikane). Jamaa ana K mbili. Mmeweka zote kabla ya karata yoyote kushuka. Huwezi kucheza vizuri zaidi ya hapo. Utapoteza kama asilimia 18, yaani mara moja katika tano au sita hivi unaondoka mikono mitupu na jamaa anakusanya chipu zako, na hukukosea CHOCHOTE. Na yule mwenye K mbili akishinda anaondoka anajiona fundi.

Hiyo ni mkono mmoja. Chukua mchezaji mzuri kweli, anayeshinda kwa wastani blaindi 5 (blaindi ni dau la lazima la kuanzia mkono) kwa kila mikono 100. Kupanda na kushuka kwa hii gemu tuseme ni blaindi 90 kwa mikono 100, ambayo ni kawaida kwa meza zisizo na kikomo cha dau. Piga hesabu ya takwimu: baada ya mikono 10,000, kuna karibu asilimia 29 kwamba huyu mtu MZURI bado yuko kwenye hasara. Kwenye meza ya ana kwa ana, sio mtandaoni, inachezwa mikono kama 25 mpaka 30 kwa saa, kwahiyo tunaongelea zaidi ya saa 300 za kucheza vizuri na kupoteza. Ukifika mikono 100,000 bado kuna kama asilimia 4 yuko chini.

Hebu fikiria hilo linafanya nini kwa kichwa cha mtu. Ni kama kusahihishiwa mtihani na mwalimu ambaye nusu ya muda anarusha sarafu. Unaanza kujiuliza ni mimi mbovu au ni kipindi tu? Unabadilisha vitu vilivyokuwa sahihi kwa sababu vimekuumiza wiki hii, unashikilia vitu vibovu kwa sababu vilikulipa wiki ile. Ndani ya hiyo hali ndo unatakiwa ubaki na akili timamu, utupe karata nyingi kuliko unazocheza, ukae dakika arobaini bila kufanya chochote, halafu ghafla unatakiwa kufanya uamuzi wa chipu zako zote kwa nusu dakika. Hasira inayomfanya mtu aanze kucheza ovyo, wenyewe wanaiita tilti, imemaliza wachezaji wenye akili kubwa sana ambao hesabu walikuwa wanazijua zote.

Kwahiyo kwangu mimi chesi ni ngumu zaidi kwenye KUFANYA, poka ni ngumu zaidi kwenye KUJUA kama umefanya. Huo ndo msimamo, sasa leteni hoja.

—

Naona michango imekuja, najibu kwa kufuata mpangilio.

> "Mkuu umeandika vizuri ila ukweli unabaki palepale, mgeni anaweza kumfunga bingwa wa poka leo usiku, hakuna mgeni atakayemfunga Carlsen. Hiyo peke yake inatosha kusema mchezo wa akili ni upi."

Mkuu, ulichosema kuhusu leo usiku ni kweli tupu na siwezi kukupinga. Mfumo wa Elo wenyewe, ule wa kupima ubora wa wachezaji wa chesi kwa pointi, unakwambia ukimzidi mtu pointi 200 unategemewa kuvuna kama asilimia 76 ya alama za mechi, ukimzidi 400 ni kama 91. Carlsen alifika 2882 mwaka 2014, mchezaji wa kawaida wa klabu yuko chini yake zaidi ya pointi elfu, hapo hamna mechi.

Lakini unachopima hapo ni jinsi ubora unavyojitokeza HARAKA, hupimi kiasi cha ubora kilichomo. Ongeza mikono, mgeni atafungwa tena vibaya, ni suala la muda. Na kuna kitu watu hawakioni: huo mchanganyiko wa bahati ndo unaifanya poka iwepo. Dhaifu anashinda mara mojamoja kwahiyo anarudi mezani. Kwenye chesi dhaifu anajua nafasi yake ndani ya gemu tatu, na hakuna atakayekubali kuweka pesa dhidi ya grandmasta.

Mfano wa Chris Moneymaker kila mtu anautaja, mhasibu, aliingia mashindano makuu ya World Series of Poker 2003 kwa tiketi aliyoishinda kwenye intaneti badala ya kulipa kiingilio cha dola 10,000, wakawa washiriki 839, akabeba dola milioni 2.5. Wengi wanauchukua kama ushahidi wa bahati. Bahati ilikuwepo, huwezi kupita watu wote hao bila bahati. Ila katazame ule mkono wa yeye na Sam Farha walipobaki wawili. Moneymaker hana kitu, flashi imegoma, stretti (karata tano zinazofuatana) imegoma, ana K tupu. Akasukuma chipu zote. Farha ana pea ya 9, ambayo ndo ilikuwa pea ya juu mezani, yaani alikuwa mbele. Akafikiri sana, akatupa. Karata hazikumsaidia Moneymaker pale, kilichomsaidia ni kwamba stori aliyoisimulia kwa madau yake kuanzia mwanzo wa mkono iliaminika. Huo ni mchezo wa akili mkuu.

> "Kompyuta ilimaliza chesi 1997. Poka imekuja kushindwa miaka ishirini baadaye. Kama chesi ndo ngumu mbona mashine ilianza nayo?"

Hii hoja naipenda ila ina mtego ndani yake.

Ni kweli kompyuta ya IBM, Deep Blue, ilimfunga Kasparov Mei 1997 New York 3.5 kwa 2.5, mwaka mmoja kabla Kasparov alikuwa ameifunga 4 kwa 2. Na ni kweli Libratus, programu ya chuo kikuu cha Carnegie Mellon, ilikuja kuwafunga wataalamu wanne wa poka ya watu wawili isiyo na kikomo cha dau Januari 2017, siku 20, mikono 120,000. Poka ya watu sita ikaja 2019 na programu nyingine, Pluribus. Miaka 20 na zaidi kama unavyosema.

Sababu yake lakini ni ya kiufundi. Deep Blue ilikuwa inapitia pozisheni kama milioni 200 kwa sekunde, na chesi inaruhusu hiyo kwa sababu pozisheni iliyo mbele yako inajitosheleza, huhitaji kujua mlifikaje hapo. Kwenye poka huwezi kutatua mkono huu peke yake, maana thamani ya kuzuga sasa hivi inategemea ungecheza vipi kama ungekuwa na karata nyingine kabisa ambazo huna. Inabidi mashine ifikirie mikono yote kwa wakati mmoja. Ilihitaji njia mpya kabisa za hesabu, wala sio kasi tu.

Ila sasa geuza upande wa pili. Ile poka ya watu wawili yenye kikomo cha dau ilitangazwa mwaka 2015 na watafiti wa chuo kikuu cha Alberta, Kanada, kwamba imetatuliwa kwa kiwango ambacho hata ukicheza nayo maisha yako yote huwezi kuwa na uhakika kwamba umeizidi. Imetatuliwa! Chesi haijatatuliwa mpaka leo, jibu kamili tunalo kwa pozisheni zilizobaki kete 7 kushuka chini, na tunaanza na 32. Kwahiyo ukitumia kompyuta kama kipimo, utapata majibu mawili yanayopingana kutegemea unauliza nini. Kigumu kwa mashine na kigumu kwa binadamu ni vitu viwili tofauti, mimi siwezi kuhesabu pozisheni milioni 200 na Libratus haijawahi kukasirika.

Na hapohapo niongezee kitu kwa wanaoamini poka ni kusoma nyuso. Libratus haina macho. Haikumuona mtu akitetemeka mkono. Iliwafunga wataalamu kwa madau tu. Nyuso zinasaidia kidogo mezani, kwa wageni hasa, lakini habari kubwa iko kwenye dau: ukubwa wake, wakati wake, na kama linakubaliana na alichofanya awamu zilizopita.

> "Mi ni mtu wa chesi nataka kujaribu poka, nitahama na nini na nitaacha nini?"

Swali zuri kuliko yote mpaka sasa. Umetanguliwa na wengi mkuu. Dan Harrington alikuwa masta wa chesi kabla hajawa bingwa wa World Series mwaka 1995. Ylon Schwartz masta wa chesi, akamaliza wa nne 2008. Jennifer Shahade alikuwa bingwa wa wanawake wa Marekani mara mbili kwenye chesi halafu akaingia poka. Alexander Grischuk, grandmasta wa Urusi aliyewahi kuwa kati ya wachezaji wa juu kabisa duniani, naye poka anaijua vizuri.

Utakachohama nacho ni tabia ya kusoma. Mtu wa chesi ameshazoea kukaa peke yake na gemu alilopoteza akalichambua bila kujionea huruma, watu wengi wa poka hawana hiyo kabisa. Utahama na uvumilivu wa kukaa, na uwezo wa kufuata matawi, akifanya hivi nafanya vile.

Kitakachokutesa ni kutafuta hatua moja sahihi. Kwenye chesi ipo, injini (programu ya kompyuta inayochambua chesi) itakuonyesha. Kwenye poka mara nyingi jibu ni kwamba karata hizihizi, hali hiihii, asilimia 60 ya muda unalipa na asilimia 40 unatupa, na zote mbili ni sahihi ilimradi usitabirike. Mtu wa chesi akisikia hivyo anaona ni uhuni. Sio uhuni, ndo mchezo wenyewe.

Kingine, umezoea kumchukulia mpinzani kwamba ataona kila kitu. Chesi inakufundisha hivyo na ni sawa, kuweka mtego wa wazi ukiomba asiuone ni njia ya haraka ya kupoteza. Poka inalipa kinyume chake. Kama jamaa hatupi karata kamwe, acha kumzuga, subiri karata nzuri muwekee dau kubwa. Kama anaogopa kila dau, mzuge mpaka achoke. Kumchezea kana kwamba ni kompyuta ni kuacha pesa mezani.

Na la mwisho utapoteza usiku mzima, utarudi kutafuta kosa kama ulivyozoea, hutalipata kwa sababu halipo. Hapo ndo watu wa chesi wengi wanakata tamaa, wakitafuta kosa kwa nguvu mpaka wanalitunga.

> "Na mtu wa poka akienda chesi?"

Anateseka haraka zaidi. Amezoea kwamba uamuzi wenye asilimia 70 ni mzuri, aufanye aende mbele. Kwenye chesi ile 30 iliyobaki ni hatua moja ambayo mpinzani anaiona vizuri kabisa kwa sababu hakuna kilichofichwa. Ila anakuja na utulivu, akipoteza haanguki, anaanza gemu linalofuata kama hakuna kilichotokea, na kwenye mashindano ya raundi nyingi hiyo ni silaha kubwa. Halafu ule mchezo wa saa, mpinzani amebakiwa na dakika moja, mtu wa poka anajua kumpa maswali magumu badala ya hatua "bora".

> "Mkuu tupe njia ya kujifunza basi, maana umesema matokeo ya poka yanadanganya, sasa mtu atajuaje anaendelea?"

Kwa chesi ni rahisi kueleza. Andika gemu zako. Ukimaliza, lipitie mwenyewe kwanza bila injini, andika pale ulipodhani mambo yaligeuka na ulikuwa unafikiria nini, halafu ndo washa injini. Ukianza na injini utaona namba tu, hutajua kichwa chako kilipotelea wapi.

Kwa poka inabidi utenganishe uamuzi na matokeo kwa nguvu, maana vyenyewe havitengani. Ninavyofanya mimi, mkono ukiwa mgumu naandika mpaka pale nilipoamua tu. Karata zangu, mpangilio wa meza, madau yalivyokwenda, na karata gani nilidhani anaweza kuwa nazo. Kilichotokea baada ya hapo siandiki. Halafu nakuja kuuchambua siku nyingine akili ikiwa imetulia na nimeshaanza kusahau nilishinda au nilipoteza. Siku hizi kuna solva, yaani programu zinazotoa jibu la hesabu, tumia, ila baada ya kuandika lako. Na pima maendeleo kwa ubora wa maamuzi ya mwezi mzima, mfuko utakwambia baadaye sana. Cheza kwa mtaji ambao ukishuka haugusi maisha yako, maana mtu anayehitaji kushinda leo hawezi kutupa karata anayopaswa kuitupa.

Sasa tufanye kwa vitendo hapahapa. Mwenye gemu la chesi aweke hatua zake zote mpaka mwisho, tutachambua wazi. Mwenye mkono wa poka aweke mpaka alipofikia uamuzi, idadi ya chipu za kila mtu na madau ya kila awamu, lakini karata za mpinzani na aliyeshinda asiviandike kwanza. Watu wapige kura, kulipa, kutupa au kupandisha, kila mmoja na sababu yake. Matokeo yawekwe kesho yake, kura zikishafungwa.